Nilichoandika Ndizi Zikichemka

Watu wananiuliza nilijuaje kuandika, mimi wa darasa la tatu. Nawaambia sikujua. Nilikaa chini kila siku, basi. Chungu kikianza kuchemka nafungua daftari, ndizi zikiiva nafunga, hata kama neno limebaki nusu. Hiyo ndiyo shule yangu. Wewe unayeniambia huna muda wa kuandika, unakula au huli? Kama unakula, kuna kitu kinachemka mahali.

Lakini kuna jambo lilinipata katika shule hiyo, mwaka wa pili wa ndoa yangu, na mpaka leo nikilikumbuka naweka mkono kifuani. Nimezika watu, nimezaa watoto saba, nimeona mengi. Mshtuko kama ule sijaupata tena.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kwetu ni Iringa, upande wa Kilolo. Shule nilisoma miaka mitatu, karibu na Tosamaganga, nikikaa kwa mama mdogo, kisha mama mdogo akaumwa na mimi nikarudishwa nyumbani kulima. Aliyenioa alikuwa Mnyakyusa, alikuja kwetu kufanya kazi ya barabara. Tulipanda lori kutoka Iringa mpaka Mbeya, tukiwa juu ya magunia, siku mbili za vumbi, kisha tukavuka mlima kwenda kwao, upande wa Tukuyu, ambako vumbi hakuna kabisa kwa sababu mvua haikatiki. Mtoto wetu wa kwanza alipofikisha miezi mitatu, mume wangu akaenda migodini, Afrika Kusini, kwa mkataba. Aliniachia madaftari mawili na penseli tatu.

“Barua zinapotea,” akasema. “Andika kidogo kila siku. Nikirudi nitasoma yote, nijue mliishije.”

Nikamuuliza, “Kidogo kiasi gani?”

Akatazama jikoni. “Kiasi cha ndizi kuiva.”

Akaenda. Nikabaki na mama mkwe, na mtoto, na baba mkwe ambaye sikuruhusiwa kumwona.

Hili lazima nilieleze, maana vijana wa siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na wanacheka. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi hawasalimiani. Hawaonani. Akipita njiani, unaingia kwenye migomba na kujifunika nguo usoni mpaka apite. Jina lake hulitaji. Husemi akiwa karibu, naye hasemi ukiwa karibu. Wapo Wakristo waliokuwa wameanza kulegeza, tulikuwa nao kanisa moja, lakini nyumba niliyoolewa haikulegeza. Kwetu Uheheni mkwe tunamheshimu, tena sana, lakini si mpaka kuingia porini na mtungi wa maji kichwani.

Kwa hiyo sura yake sikuijua. Nilimjua kwa masikio. Nilijua kikohozi chake, fimbo yake ikigonga mawe, sauti yake akiita ng’ombe. Alikuwa akikohoa hatua hamsini kabla ya kufika, ili nipate nafasi ya kujificha. Yeye anakohoa, mimi nakimbia. Tulielewana hivyo.

Mama mkwe aliniambia siku ya kwanza kabisa, wala hakunificha: “Mwanamke akimkosea baba mkwe, anarudi kwao. Na mtoto harudi naye. Mtoto ni wa hapa.”

Nilikuwa na tumbo la miezi minne aliponiambia. Nililishika kwa mikono miwili.

Basi nikaandika. Wiki za kwanza niliandika kama karani wa mnada. Leo mvua. Ng’ombe mwekundu amezaa dume. Mtoto ameota jino. Siku mbaya nilipata mistari mitatu, na mistari mitatu ni mistari mitatu, sikujilaumu. Kisha ikafika siku moja hakukuwa na kitu chochote. Mvua ile ile, ng’ombe wale wale. Ndizi zinachemka, penseli mkononi, nami sina la kusema. Nikaandika kwamba chui amepita nyuma ya nyumba akiwa na mtoto wa mbuzi mdomoni.

Hakukuwa na chui. Nilitazama huku na huku kama mwizi. Nilikuwa nimedanganya kwa maandishi, mimi niliyekatazwa uongo tangu utoto, na karatasi ilikaa kimya tu ikapokea. Kesho yake nikataka kujua yule chui alikwenda wapi. Ndivyo nilivyoanza.

Baada ya chui akaja mwanamke. Alikuwa anatoka ugenini anarudi kwao Iringa kwa miguu, mtoto mgongoni, zamani za kale kabla ya madaraja. Kila siku nilimsogeza kidogo, kiasi cha ndizi kuiva. Siku moja alifika kijijini, siku nyingine alinyimwa maji. Mvua ilimnyeshea siku tatu kwa sababu kwetu ilinyesha siku tatu. Sikujua anafika lini, na sikutaka kujua mapema.

Sasa, kuna kitu kuhusu uandishi wangu sikukiona kuwa kitu. Shuleni tulifundishwa kwa kuimba, ba, be, bi, bo, bu, darasa zima kwa pamoja, na mkono ukifuata mdomo. Mimi sikuwahi kujifunza njia nyingine. Mdomo ukifungwa, mkono haujui pa kwenda. Niliandika nikitamka, mwa-na-mke a-ka-fi-ka, na sentensi ikiisha naisoma yote tangu mwanzo kwa sauti, nisikie kama imekaa vizuri. Haikukaa, nafuta, natamka tena. Kila siku. Sikumwogopa mtu. Niliandika Kiswahili, lugha yangu na mume wangu, na mama mkwe Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi.

Mwanamke wangu akafika Ruaha. Mto umejaa, maji mekundu, magogo yanapita. Kando ya mto kuna mzee mwenye mtumbwi, mtumbwi pekee. Nilitaka mzee mbaya. Nikamtafuta mzee wa kumfananisha, na masikio yangu yalikuwa na mzee mmoja tu. Nikampa kikohozi kile. Nikampa fimbo. Mzee anakohoa, anasema, “Sikuvushi mpaka unipe mahindi yako yote.” Na kwa mwanamke, mahindi hayo ndiyo chakula cha mtoto. Nikaandika kwamba mzee yule alikuwa mchoyo kuliko wazee wote wa bonde lile. Nilifurahi sana. Nilirudia sentensi ile mara nne, kwa sauti, nikicheka peke yangu.

Baada ya hapo nikakwama. Akitoa mahindi, mtoto anakufa njaa. Asipotoa, havuki. Siku nne nilikaa na daftari limefunguliwa, mdomo kimya, naangalia mvuke wa ndizi. Nilikaa lakini. Sikuruka siku hata moja. Kukaa bila kuandika nako ni sehemu ya kazi, ingawa inachosha kuliko kulima.

Siku ya tano nilikuwa namenya ndizi, mama mkwe akaingia, akatikisa mvua kichwani, akasimama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema kwa Kinyakyusa, kama mtu anayeuliza kama kuni zipo:

“Mzee anauliza, yule mwanamke alivuka?”

Nikasema, “Mwanamke gani, mama?”

“Wa mtoni. Siku nne hana usingizi. Ananisumbua. Alivuka au hakuvuka?”

Kisu kilinianguka. Sikukisikia kikianguka, nilikiona tu chini, karibu na mguu wangu. Masikio yalikuwa yamejaa maji.

“Amejuaje?” nikauliza.

Mama mkwe akaunyooshea kidole ukuta wa nyuma. Ukuta wa mianzi, uliokandikwa udongo, na udongo wenyewe umebanduka kwa mvua.

Nilitoka nikazunguka. Sijui nilipata wapi ujasiri. Hakuwepo, namshukuru Mungu. Lakini chini ya paa, pale nyuma ya jiko ambapo hakuna mtu mwenye shughuli ya kukaa, palikuwa na kigoda. Mbele ya kigoda lilikuwa rundo la maganda ya mianzi, yale yanayobaki mtu akichonga fito za kusukia vikapu. Juu yalikuwa mabichi, ya kijani. Chini ya mabichi, ya njano. Nilichimba kwa mguu. Chini kabisa yalikuwa yameoza, meusi, yamekuwa udongo. Miezi, jamani. Mzee yule alikaa pale miezi, kila siku ndizi zikichemka, na hakukohoa hata mara moja.

Na Kiswahili alikijua. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ujanani alibebeshwa mizigo katika vita vya Wajerumani na Waingereza, akatembea nchi nzima. Hakuna aliyenitajia. Ningemuuliza nani, wakati hata jina lake silitaji?

Nilirudi jikoni. Nilihesabu makosa yangu. Nimesema mbele ya mkwe. Si mara moja, kila siku. Nimecheka mbele yake. Nimemwita mchoyo, mara nne, kwa sauti, naye yupo umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni mwangu. Mtoto alikuwa amelala kwenye ngozi. Nilimtazama, na nikamwona tayari kama mtoto wa watu.

Kwetu nililelewa hivi: ukikosa, jitaje kabla hujatajwa. Kesho yake nikambeba mtoto, nikaenda kwa shangazi wa mume wangu, dada wa baba mkwe, ng’ambo ya kijito, nikamwambia yote. Mama mkwe aliposikia alipiga mikono.

“Nani amekutuma?” akasema. “Mimi nimekuuliza swali moja tu, wewe unakwenda kuwasha moto!”

Shangazi alifika siku hiyo hiyo, mchana, ana fimbo na hana huruma. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya ng’ombe. Alikaa jikoni, akaomba aone daftari. Kusoma hajui. Akalishika juu chini, akalinusa.

“Hili ndilo linalosema na kaka yangu?”

“Ndilo, shangazi.”

“Na ndani yake umemweka yeye?”

Ningeweza kukataa. “Kikohozi chake,” nikasema. “Na fimbo.”

“Na ukasema mchoyo.”

“Nilisema.”

Shangazi akamgeukia mama mkwe. “Nilisema mimi. Nilisema mwanangu asioe Iringa. Watu wanaokula mbwa, wataogopa mkwe?”

“Sijawahi kula mbwa,” nikasema.

“Kimya! Ungekuwa na tabia hiyo ya kimya tusingekuwa hapa.” Akalitupa daftari karibu na mafiga. “Lichomwe. Na huyu arudi kwao. Mtoto abaki, anakunywa uji.”

Mtoto hakuwa anakunywa uji. Alikuwa na miezi minane na ziwa langu mdomoni wakati huo huo. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Mume wangu yuko chini ya ardhi nchi nyingine, nani atanisemea?

Mama mkwe hakunisemea. Alisimama, akasema, “Mwenye kukosewa hajaulizwa,” akatoka kwenye mvua.

Mzee alikuwa amekaa mbali, ndani ya migomba, mahali ambapo hatuwezi kumwona wala kumsikia. Mama mkwe alikwenda akarudi, maji yanamtiririka.

“Anasema, kama ni kosa la kusikia, masikio ni yake na kigoda ni chake. Yeye ndiye aliyekaa.”

“Mwanamke ndiye aliyesema!” shangazi akasema.

“Nikamwambie?”

“Kamwambie.”

Akaenda. Akarudi. “Anasema, mwanamke huyu anasema na daftari, hasemi na yeye.”

“Kamwambie daftari halina mdomo.”

“Kamwambie mwenyewe, wifi. Mimi nimelowa.”

“Nenda!”

Akaenda mara ya tatu. Safari hii alikawia. Shangazi alikuwa anasugua ugoro kiganjani, mimi nalitazama daftari, kona moja imeanza kugeuka kahawia kwa joto. Sikuthubutu kulisogeza. Mama mkwe aliporudi hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi.

“Anasema lisichomwe. Na wewe huendi popote. Lakini ana lalamiko moja.”

Nikafumba macho.

“Anasema umekosea kuhusu yule mzee wa mtumbwi. Hakuwa mchoyo. Alikuwa anaogopa mto.”

Shangazi akaacha kusugua ugoro.

“Anasema,” mama mkwe akaendelea, polepole, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa, “yeye alivuka Ruaha wakati wa vita, maji yakiwa hivyo hivyo mekundu. Walikuwa kumi na wawili kwenye kamba. Walitoka wanne. Anasema mtu aliyeona hivyo hawezi kusema ‘naogopa’ mbele ya mwanamke mwenye mtoto. Atadai mahindi. Atadai kitu chochote ambacho anajua hatapewa, ili asiingie majini.”

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na wajukuu wananiletea vingine. Hakuna kilichonifundisha kitu kikubwa kuliko hicho. Nilikuwa nimemsikia mtu zaidi ya mwaka, kikohozi na fimbo, nikadhani nimemjua, nikamtengeneza mbaya kwa sababu nilihitaji mbaya. Naye alikaa upande wa pili akanisikiliza mpaka akaona kosa langu liko wapi, na kosa lenyewe halikuwa lile nililoliogopa. Niliona aibu mpaka kwenye kucha. Hiyo aibu haikuwa ya mila. Ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi vibaya.

Shangazi alivuta ugoro, akapiga chafya. Alijua ameshindwa lakini hakupenda kuondoka mikono mitupu.

“Lisichomwe,” akasema. “Lakini sauti isisikike. Nikisikia siku moja tu kwamba amesema tena nyuma ya ukuta huo, nitamrudisha Iringa mimi mwenyewe, kwa miguu, kama huyo mwanamke wake.”

Akaenda zake.

Nililipangusa daftari jivu. Kesho yake, chungu kilipoanza kuchemka, nikakaa, nikafunga mdomo. Penseli ikakaa juu ya karatasi kama mguu uliokufa ganzi. Nikajaribu kutamka moyoni. Nikaandika “mze”, nikasahau herufi inayofuata. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu niliweka kipande cha nguo mdomoni, nikaandika maneno sita, matatu hayasomeki. Nilijua kabisa mzee wa mtumbwi anatakiwa kufanya nini. Nilimwona. Mkono ukakataa kumfuata bila sauti.

Mama mkwe alikuwa ananiangalia na nguo yangu mdomoni. Siku ya nne aliingia jikoni na ulezi kwenye ungo, akaenda kwenye jiwe la kusagia, ukutani pale pale, akapiga magoti. Ulezi husagwa asubuhi, kila mtu anajua. Huo ulikuwa mchana.

“Mama, ulezi upo wa kutosha,” nikasema.

“Nimekuuliza?” Akaanza kusaga. Jiwe juu ya jiwe, mngurumo mkubwa, huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe. Akanitazama, akaonyesha daftari kwa kidevu.

Nikaelewa. Nikatoa nguo mdomoni. Nikatamka, chini ya mngurumo ule, na mkono ukaamka. Mze-e a-ka-u-ta-za-ma m-to. Nikaandika kwamba alidai mahindi, kisha akadai nguo, kisha akadai kitu ambacho mwanamke hakuwa nacho, na mwanamke akatazama magoti yake yakitetemeka ndani ya shuka. Niliandika ukurasa mzima. Sikuwahi kuandika ukurasa mzima kwa chungu kimoja. Nilifika pale mwanamke anapomwambia mzee, “Basi tukae wote tuungoje mto upungue, nami nitapika.” Nikaanza kuisoma, nisikie kama imekaa.

Jiwe likasimama.

Nilinyamaza hapo hapo, kinywa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya visigino, mikono imejaa unga, anatazama ukuta.

“Endelea,” akasema.

“Mama, jiwe limesimama.”

“Naona.”

“Shangazi alisema…”

“Shangazi yuko ng’ambo ya kijito. Jiko hili ni la nani?”

Nikamtazama mtoto. Nikamtazama yeye. Sikuamini kwamba ni mwanamke yule yule aliyeniambia siku ya kwanza kuhusu kurudi kwetu.

“Sema kwa sauti,” akasema, bila kunitazama, akijipangusa unga magotini. “Mzee hasikii.”

Nikairudia sentensi, tangu mwanzo.